Kabla ya Kuuliza Jina la Pili

Huku Kericho, mtu akikutajia jina lake la kwanza bado hajakuambia kitu. Brian wa wapi? Faith wa nani? Tunangoja la pili. Likishakuja, awe Kiprono, Moraa au Otieno, tunajua tumweke wapi, na hata anapiga kura vipi tunadhani tunajua. Si ubaya bana, tunasema, ni mazoea tu.

Labda ndiyo sababu nikiulizwa kitabu ninachokipenda zaidi, sifikiri mara mbili: Siku Njema ya Ken Walibora, ya 1996. Shujaa wake anaitwa Kongowea Mswahili. Hebu lipime jina hilo kwa mizani yetu. La kwanza ni mtaa wa Mombasa wenye soko kubwa, na la pili halikupi kabila la kushikilia. Basi unabaki na mtu tu, kijana wa Tanga, mwana wa mwimbaji wa taarabu, anayevuka mpaka kumtafuta baba yake. Unamhurumia kwanza, mambo mengine baadaye. Na Walibora mwenyewe hakuwa wa Pwani. Alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya. Alipofariki Aprili 2020, waliomlilia mitandaoni walikuwa wa kila jina la pili unaloweza kulifikiria.

Lakini kuna swali linalonikera. Hicho kitabu tunachokisifu kilituzuia kufanya nini?

Siku Njema ilikuwa imesomwa shuleni miaka kadhaa kabla ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2003 Walibora alikuwa ametoa Kufa Kuzikana, riwaya ya urafiki wa vijana wawili ambao makabila yao yanachinjana. Onyo lilikuwa limeshachapishwa na kuuzwa madukani. Halafu matokeo yakatangazwa, na watu waliochuma majani chai mstari mmoja kwa miaka wakaanza kukimbiana. Wafanyakazi kutoka Kisii na Nyanza walihama kambi za mashamba ya chai na virago kichwani. Kule Chepilat, mpakani mwa Sotik na Borabu, pande mbili zilipigana na nyumba zikachomwa. Siwezi kuamini kwamba kati ya vijana wote walioshika mishale na mapanga, hakuna aliyewahi kusoma fasihi darasani.

Unaweza kusema kosa ni la mtihani. Mtihani unakuuliza sifa za Kongowea. Sifa zako wewe haukuulizi. Ni kweli, lakini hilo halitoshi. Hata anayesoma kwa mapenzi, peke yake, usiku, anaweza kuamka asubuhi akamfukuza jirani. Kusoma si chanjo.

Mimi naona hivi: kitabu unachokipenda hakina nguvu ya kukufanya mwema, ila kinakuondolea kisingizio. Asiyesoma anaweza kusema, "Wale watu sikuwajua." Wewe uliyekaa ndani ya moyo wa mtu mwingine kurasa zote zile, ukaogopa naye, ukamtakia afike salama, huwezi kusema hivyo tena. Unajua mtu anayefukuzwa anahisije. Ukimfukuza, unafukuza huku ukijua.

Kwa hiyo kupenda kitabu ni kukubali deni. Tunaorodhesha waandishi tunaowapenda kama tunavyotaja timu za mpira, na hakuna ubaya. Raha ya kusoma ni raha halali. Ila baada ya raha linabaki swali: ukishampenda Kongowea, je, yule kibarua wa kambi ya pili, ambaye jina lake linaishia kwa sauti usiyoizoea, unamdai nini zaidi kabla ya kumhesabu mtu?

Kura ya 2027 inakuja, na milima hii ya chai haijasahau. Sidhani riwaya itasimama barabarani kuzuia mshale. Atakayesimama, akisimama, ni msomaji, na huenda ataogopa sana.

Mimi nimeanza na deni dogo ninaloliweza. Nikikutana na mtu mgeni steji, namwacha na jina lake la kwanza mpaka atake mwenyewe kuniambia la pili. Wakati mwingine gari linafika, tunaagana, na sijalijua.