Kokoto, Wanyama na Haki ya Kila Mmoja

Ndugu zetu Waislamu, kila panapoombwa ruhusa ya kuchimba kokoto karibu na makao ya wanyama, na watu wakainuka kuipinga, husikika barazani neno hili: wanyama ni wa watalii na matajiri wa Karen na Langata, sisi twataka nyumba na kazi. Twapenda kulipima neno hili kwa mizani ya dini, kwani kulikubali ovyo ni kosa, na kulikataa ovyo ni kosa vilevile.

Tuanze na haki iliyomo ndani yake. Nyumba hazijengwi kwa hewa. Kila ghorofa iliyoinuka katikati ya mji wa Nairobi, na kila barabara itokayo huko kwenda Dagoretti, imekula kokoto. Naye apondaye mawe juani ili wanawe wapate kula, chumo lake ni la halali. Hapana ruhusa ya kumdharau.

Lakini haki ya huyu haiondoi haki ya yule. Qurani Tukufu imewahesabu wanyama na ndege kuwa ni umma kama tulivyo sisi. Tena imetupa kisa cha mdudu chungu aliyewaonya wenziwe waingie majumbani mwao, wasije wakapondwa na jeshi la Nabii Sulaiman pasi na jeshi lenyewe kujua. Nabii Sulaiman hakuudhika. Alitabasamu, akamshukuru Mola wake. Basi ikiwa mfalme mwenye majeshi alisikia pingamizi la chungu, vipi sisi twaudhika mtu akisimama kumsemea mnyama asiye na ulimi?

Tutazame hali ya Nairobi yenyewe. Mbuga ya taifa iliyo ubavuni mwa mji iliwekwa mwaka 1946, na ukubwa wake ni kama kilomita 117 za mraba. Imezungushwa ua pande nyingine, ila kusini, kwenye mto Mbagathi, imeachwa wazi ili wanyama watoke na kuingia nyanda za Athi na Kapiti. Njia hiyo ikizibwa kwa mashimo, baruti na malori, mbuga itageuka zizi. Reli mpya ilipotakiwa ipite humo, watu walipeleka mashtaka mwaka 2016. Reli ilijengwa, lakini juu ya daraja la zaidi ya kilomita 6, wanyama wapite chini ya nguzo, na mwaka 2019 treni zikaanza kwenda Suswa. Wako wasioridhika hata leo. Lakini hapana anayeweza kusema kuwa mnyama hakutajwa.

Asemaye kuwa hifadhi ni jambo la kigeni, na akumbuke kuwa Mtume wetu (s.a.w.) aliuharimisha mji wa Madina, miti yake isikatwe wala mawindo yake yasifukuzwe. Na Sayyidna Umar alipomweka Hunayy kuangalia malisho yaliyohifadhiwa, alimwamuru amruhusu mwenye ngamia wachache na mbuzi wachache, awazuie matajiri. Kwani tajiri mifugo yake ikifa ana mashamba ya kurejea, na maskini hana. Hapa ndipo penye jawabu letu. Hifadhi ni haki, na mzigo wake usitwikwe maskini peke yake.

Wala tusidhani kuwa shimo halitengenezeki. Hapo Bamburi, kiwanda cha saruji kilianza kazi mwaka 1954, kikaacha ardhi tupu ya mawe. Tangu mwaka 1971 ikapandwa mivinje, na jongoo wakawekwa kula majani yake makavu mpaka pakapatikana udongo. Leo ni msitu wenye wanyama, nasi twawapeleka watoto wetu kuutazama. Kwingineko mashimo yameachwa wazi, yakajaa maji ya mvua, yakawa mtego kwa watoto wa maskini wale wale walioambiwa kuwa machimbo ni kwa faida yao.

Basi yatupasa nini? Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 42, imempa kila mtu haki ya mazingira safi, na sheria ya mazingira ya mwaka 1999 yataka athari za machimbo zichunguzwe na wananchi watoe rai. Aitwaye akanyamaza, kisha akaja kunung'unika barazani, ameitupa haki yake kwa mkono wake. Tuhudhurie, tuulize: maji ya mto yatakuwaje? Njia ya wanyama itabaki? Nani atalifukia shimo, na fedha za kulifukia zimewekwa wapi? Na ruhusa ikikataliwa, wale waliotazamia kazi watapewa nini? Asiyeweza kuyajibu yote manne, awe mchimbaji au mpinzani, bado hajaleta uadilifu.

Ardhi ni amana, na mwenye amana ataulizwa. Wabillahi tawfiq.