Mpe Ufunguo wa Chumba, Si wa Nyumba

Wanangu mnaoanza kazi ya kutunza kompyuta za maofisini, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Wewe uliyeshika neno la siri la root huujui uchungu wa anayekusubiri tangu asubuhi umfanyie kazi ya dakika moja.

Ujanani nilisimamia mashine za Linux za ofisi fulani, na sikumruhusu mtu kugusa chochote. Siku moja, nikiwa msibani, mhasibu alinipigia simu: hati za mishahara zimekwama, printa haiitiki. Nikajitenga nyuma ya mwembe, nikamsomea neno la siri herufi kwa herufi. Niliporudi nililikuta kwenye kikaratasi chini ya kibodi, na ofisi nzima inalijua. Haukupita mwezi, kijana mmoja akitafuta nafasi kwenye diski akafuta folda ambayo bila hiyo mashine haiwaki. Kosa halikuwa lake wala la mhasibu. Ni mimi niliyewanyima hata dirisha, kisha nikawatupia funguo zote.

Na dawa ilikuwapo zamani. Sudo iliandikwa mnamo 1980 na Bob Coggeshall na Cliff Spencer, katika chuo kikuu kimoja cha Buffalo, Marekani. Kwenye faili lake la ruhusa unaandika kwamba fulani aruhusiwe amri hii tu kwa mamlaka ya root. Naye hutumia neno lake mwenyewe la siri, na alichofanya kinabaki kwenye kumbukumbu. Faili hilo lihariri kwa visudo, ambayo hulikagua kabla ya kulihifadhi. Ukilikosea, utajifungia nje mwenyewe.

Lakini jihadharini, wanangu: kuna ufunguo mdogo unaofungua nyumba nzima. Ukimruhusu mtu kufungua faili kwa vi chini ya sudo, humo humo anaweza kuchomoka na mamlaka yote; badala yake mpe sudoedit. Kusakinisha pakiti nako si jambo dogo, kwa kuwa skripti zilizomo huendeshwa kwa nguvu za root. Anayeweza kusakinisha chochote alichookota mtandaoni ni root kwa jina jingine. Novemba 2009, Fedora 12 ilimwachia aliyeketi mbele ya mashine kusakinisha pakiti zilizotiwa saini bila neno la siri la root. Zikazuka kelele, na siku chache baadaye uamuzi ukabatilishwa.

Basi mruhusuni mtu asasishe pakiti zilizopo, mpya aziombe. Anayetaka programu yake binafsi, Flatpak yaweza kumwekea ndani ya folda yake bila kugusa mfumo. Na kabla ya kuandika ruhusa yoyote, kaeni na mtu mezani pake mwone ni kazi gani humfanya awatafute.

Yule mhasibu nilimwandikia mstari mmoja tu: kuwasha upya huduma ya kuchapisha. Misiba niliyokwenda baada ya hapo ni mingi, na simu yake haikuita tena.