Tuliombea Picha

Mzee wetu wa kanisa alipoingizwa kwenye mashine ya MRI, sisi tulibaki nje kwenye benchi tukiomba picha itoke safi. Ile kelele ya kugonga-gonga tuliisikia hata pale. Baadaye tulimwomba mtaalamu wa mashine atueleze. Alisema mle mna sumaku yenye nguvu maelfu ya mara kuliko ya dunia (kumbe ndiyo maana mzee alivuliwa hata saa), nayo huvipanga viini vya haidrojeni vilivyo katika maji ya mwili. Mawimbi ya redio huviyumbisha. Yakikatwa, viini hurudi mahali pake vikitoa ishara hafifu, na kompyuta huchora kwa ishara hizo.

Basi mashine haileti uvimbe wala haiuondoi. Hapo tukafadhaika: tulikuwa tukiomba nini, ikiwa lililomo lilikuwamo tangu asubuhi? Mmoja wetu alisema Mungu hafungwi na saa. Huenda. Lakini kwa kweli tuliomba tusiambiwe.

Mara ya pili tuliomba daktari asipitiwe na kitu, na mzee apate nguvu ya kusikia jibu. Kuhusu picha yenyewe tulinyamaza.