Kupokea Ufadhili wa Masomo ya Juu Ng'ambo: Jawabu kwa Ndugu Yetu wa Migwani

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu Waislamu, imetufikia barua kutoka Migwani, mji mdogo wa Kitui ulio kusini ya Mwingi, ambako Waislamu ni wachache miongoni mwa jirani zao. Aliyeiandika ni kijana wa Kikamba, mwalimu wa skuli ya sekondari, mwenye shahada ya pili katika elimu ya maji. Amekubaliwa kusoma uzamivu Ulaya, na taasisi moja ya huko imekubali kumlipia ada, nauli na posho. Anataka kuchunguza mabwawa ya mchanga, yaani zile kuta zinazojengwa kukingama mito ya msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na maji yakajificha ndani ya mchanga, jua lisiyafikie. Baadhi ya jamaa zake wamemwambia kwamba fedha za wasio Waislamu hazina baraka, na kwamba elimu isiyokuwa ya dini haina thawabu. Anatakiwa atoe jibu kabla mwezi haujaisha. Anauliza: akubali au akatae?

Jawabu letu ni kwamba akubali.

Mtume wetu, sala na amani zimshukie, alipohama Makka, aliyemwongoza njia alikuwa Abdullahi bin Uraiqit, naye hakuwa Muislamu. Mukaukis wa Misri alimletea zawadi, akazipokea. Na mateka wa Badri waliojua kuandika, imepokewa kwamba fidia ya baadhi yao ilikuwa kuwafundisha watoto wa Ansari kuandika. Hawa walikuwa watu waliotoka jana na panga mikononi, na juu ya hayo elimu yao haikutupwa. Basi anayedai kwamba mlango wa elimu hufungwa kwa sababu ya dini ya aliyeufungua, na alete dalili yake. Lililo haramu ni sharti la haramu: likiwamo katika mkataba sharti la kuacha faradhi au kutenda maasi, hapo aukatae. Kwa hivyo ausome mkataba neno kwa neno kabla ya kutia sahihi, na hili ni wajibu hata mfadhili akiwa Muislamu mwenye kilemba.

Watu hupenda kutaja hadithi ya kutafuta elimu hata China. Hadithi hiyo wanavyuoni wa hadithi hawakuithibitisha, wala hatuna haja nayo, kwani tunalo lililo bora. Bukhari ametaja katika Sahihi yake kwamba Jabir bin Abdillahi alisafiri mwendo wa mwezi mzima kumwendea Abdullahi bin Unais kwa ajili ya hadithi moja tu. Na imepokewa kwamba alinunua ngamia kwa safari hiyo. Elimu ina nauli yake tangu zama za Masahaba.

Ama hili la elimu isiyokuwa ya dini, Imam Ghazali katika Ihya ameihesabu tiba na hesabu miongoni mwa faradhi za kutoshelezana, na akawalaumu watu wa mji wanaosongamana katika fiq'hi hali mji wao hauna tabibu Muislamu. Maji yana tofauti gani na tiba? Anayejua jinsi akina mama wa Kitui wanavyochimba mchanga wa mto mkavu wakati wa kiangazi, na mwendo wanaotembea na mitungi yao, hatauliza kama elimu hiyo ina thawabu ikiwa nia ya mwenyewe ni njema.

Wako wengine husema kwamba kuomba ufadhili ni kuombaomba, na mkono wa Muislamu uwe juu. Maneno haya ni mazuri lakini hayapo mahali pake. Imam Shafi'i alikuwa yatima, na mama yake hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhika awe anamshikia darasa anapoondoka. Hivyo ndivyo vyuo vikuu vingi vifanyavyo leo: mwanafunzi wa uzamivu hufundisha walio chini yake akasamehewa ada, na huko Ujerumani na Uholanzi wengi wao huajiriwa na kulipwa mshahara. Na Nidhamu al-Mulk alipoijenga Nidhamiya ya Baghdadi katika karne ya 11, aliiwekea wakfu ambao walimu na wanafunzi wakila kwao. Wazungu hawakubuni jambo hili. Sisi tuliliacha, wao wakaliendeleza.

Na kwa wasomaji wetu wa mwambao walio na vijana wenye shahada wanaokaa barazani, inafaa wajue kwamba milango iko. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ya Jidda ilianza mwaka 1983 kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizokuwa wanachama wake, na Kenya ni mojawapo. Fedha zilitolewa kama mkopo usio na riba, wakirejeshea mfuko wa jamii zao. Leo inafadhili hata uzamivu na utafiti wa baada yake. Serikali ya Uturuki hupokea maombi mwanzoni mwa mwaka, na anayeomba uzamivu awe hajatimiza miaka 35. Wajerumani wana DAAD, iliyoanzishwa 1925 na yenye ofisi Nairobi. Na aliyekwisha pata uzamivu anaweza kuwaandikia wakfu wa Alexander von Humboldt. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina, kilichofunguliwa 1961, kinawachukua wa elimu za sheria. Ufadhili wa kweli hauuzwi: akija mtu kukutaka ada ya kukupatia nafasi, mfukuze.

Msikate tamaa kwa sababu ya mtihani mmoja. Ali Mazrui, mwana wa Kadhi Mkuu Sheikh al-Amin, alizaliwa Mombasa 1933, na mtihani wake wa Cambridge haukumfikisha Makerere. Akawa karani. Gavana Sir Philip Mitchell akamsikia akihutubia juu ya Mtume katika Maulidi (wala hapa si mahali pa kujadili Maulidi), na kutokana na hayo akafunguliwa njia ya Uingereza. Mwaka 1966 alipata udaktari wake Oxford.

Walakini yako yanayonihuzunisha zaidi. Ufadhili hulipa kila kitu baada ya kuupata, wala haulipi kitu kabla yake. Pasipoti, ada ya mtihani wa Kiingereza, kutafsiri vyeti, nauli ya Nairobi: hapa ndipo vijana wetu wanapoangukia, kizingitini, kwa fedha ambazo harusi moja ya Mombasa huzimaliza kwa biriani ya usiku mmoja. Imam Nawawi amesema katika al-Majmu' kwamba anayeweza kuchuma, ila kuchuma kutamkatiza elimu ya sheria, ni halali kupewa zaka. Katika elimu nyingine wanavyuoni wa leo wamekhitalifiana; lakini mwanafunzi aliye fakiri hupewa kwa ufakiri wake, na hilo halina khitilafu. Na kwa madhehebu yetu zaka ya Mombasa haihamishwi maadamu wenye kustahiki wapo Mombasa. Basi wa Migwani mpelekeeni sadaka, ambayo haina mpaka wa mji.

Mwisho wa barua yake ndugu yetu ameuliza habari za dada yake, ambaye naye ana shahada ya pili, kama yafaa aombe ufadhili wa Faculty for the Future, unaowasomesha wanawake wa nchi zetu uzamivu wa sayansi. Kuomba kunafaa bila shaka. Kusafiri bila ya maharimu ndiko kwenye khitilafu: wengi wamekataza, na wako waliojuzisha palipo na amani ya njia na ya makazi. Baba yake asiufunge mlango kabla ya kuuliza atakaa wapi na nani. Na ndugu akiwa naye Ulaya, huenda wakapata vyuo vya mji mmoja. Wallahu aalam.