Imani Ikae Juu ya Mila

Muulize mtu yeyote wa Nairobi au Mombasa Kalasinga, yaani Msikhi, ni nani, naye atakutajia kilemba, ndevu, bangili ya chuma mkononi, ufundi wa magari, muziki wa bhangra na harusi isiyoisha leo wala kesho. Vyote atavitia kapu moja. Mimi nimekulia mtaa mmoja na familia za Kisikhi, na kadiri umri unavyosonga ndivyo ninavyozidi kuona umuhimu wa kuvitenganisha. Kilemba na bangili vimetoka kwenye dini. Bhangra na shamrashamra za harusi vimetoka Punjab.

Punjab si ya dini moja. Mwaka 1947 iligawanywa kati ya India na Pakistan, na leo Wapunjabi walio wengi ni Waislamu wa Pakistan. Ng'ambo zote mbili za mpaka watu wanazungumza Kipunjabi, wanakula mboga ya haradali kwa mkate wa mahindi na kucheza ngoma zilezile wakati wa mavuno.

Dini ya Usikhi nayo si ya kabila moja. Guru Nanak, mwanzilishi wake, alizaliwa Punjab mwaka 1469, lakini tazama yaliyotokea mwaka 1699. Masimulizi ya Wasikhi yanasema Guru Gobind Singh, kiongozi wao wakati huo, alisimama mbele ya umati mjini Anandpur, upanga mkononi, akauliza ni nani aliye tayari kutoa kichwa chake kwa ajili ya imani. Wakajitokeza watano, mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza alitoka Lahore, Punjab. Wenzake walitoka Hastinapur, Puri, Dwarka na Bidar, miji iliyotawanyika pande zote za India. Miongoni mwao walikuwamo mchota maji na kinyozi, watu wa matabaka yaliyodharauliwa. Hao ndio waliokuwa wa kwanza kuingizwa katika udugu wa Khalsa. Guru mwenyewe alizaliwa Patna na kufia Nanded, mbali na Punjab. Na kitabu chao kitakatifu, Guru Granth Sahib, kimebeba tenzi za Kabir, mfumaji wa Banaras, na za Sheikh Farid, sufii wa Kiislamu.

Kwa nini nalishikilia jambo hili? Kwa sababu dini ikimezwa na mila, hupoteza uwezo wa kuikemea. Maguru wa Usikhi walifuta matabaka. Mwanamume wa Khalsa huitwa Singh, mwanamke Kaur, ili jina la ukoo lisimpandishe mtu wala kumshusha. Hata hivyo, ziko familia ambazo bado huuliza tabaka la mchumba kabla ya kuuliza tabia yake. Maadili ya dini yanakataza pombe, lakini katika harusi nyingi za Kipunjabi chupa hazikosekani mezani.

Linaloniuma zaidi ni la watoto wa kike. Nanak alifundisha kumheshimu mwanamke, na Khalsa iliamriwa isishirikiane na wanaoua mabinti. Lakini sensa ya India ya mwaka 2001 ilikuta katika jimbo la Punjab, ambako Wasikhi ndio wengi, wasichana 798 tu kwa kila wavulana 1,000 wenye umri usiozidi miaka sita. Mimba za watoto wa kike zilikuwa zikitolewa. Uchu wa kupata mtoto wa kiume haukutoka katika maandiko. Ulitoka kwenye mashamba, urithi na mahari, ambayo huko hutolewa na wazazi wa binti, na Wahindu wa jimbo hilo walikuwa nao pia. Mwaka huohuo wa 2001 Akal Takht, kiti kikuu cha mamlaka ya Wasikhi, kilipiga marufuku utoaji huo wa mimba. Sensa ya mwaka 2011 ilikuta wasichana 846. Safari bado ni ndefu, lakini hapo imani ilifanya kazi yake: iliikabili mila na kuiambia hapana.

Sisemi mila ni adui. Bila Kipunjabi tenzi nyingi zisingeimbwa, na bila mikono ya Kipunjabi jiko la hekalu la Makindu lisingewaka moto. Anayesafiri barabara ya Mombasa hadi Nairobi analijua hekalu lile lililoanzishwa na Wasikhi waliofanya kazi ya reli. Unavua viatu, unafunika kichwa, unanawa, unapewa chapati, dengu na chai ya maziwa. Dereva wa lori anakaa ubavuni mwa mwenye gari la kifahari. Hakuna nyama, ili asiwepo atakayeshindwa kula. Hakuna anayekuuliza kabila lako wala anayekudai shilingi. Mapishi ni ya Punjab, lakini kumketisha kila mtu mahali pamoja ni agizo la dini, na agizo hilo ndilo lililolifungua jiko kwa Mkamba, Msomali na Mswahili.

Nasi tujikague. Huku kwetu Pwani binti Mwislamu hunyimwa fungu la urithi alilopewa na Kurani, na kaka zake husema ndiyo desturi. Bara Mkristo humkataa mkwe kwa kabila lake, kisha Jumapili akaimba kwamba sote ni ndugu. Mila nzuri tuirithishe kwa fahari. Inayomdhulumu mtu tusiivike kanzu ya dini. Tuipeleke mbele ya imani ihukumiwe, na hukumu ikitoka tuwe tayari kuitii, hata kama aliyetuachia mila hiyo ni babu tuliyempenda.