Upanga Uliomo Alani

Msomaji, ubora wa upanga hujulikana kwa kukata au kwa kujizuia kukata? Huko Japani, mwaka 1868, majeshi ya Mfalme yaliukabili mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo. Yamaoka Tesshu, bingwa wa upanga wa upande wa pili, alipita katikati ya adui akaonana na jemadari wao, Saigo Takamori. Maneno yao yalifungua mlango wa suluhu, na ngome ya mji ikakabidhiwa bila vita. Je, ustadi wake ulipotea bure? Hasha! Mwoga huuacha upanga alani kwa hofu. Shujaa huuacha kwa hiari. Nawe una upanga, nao ni ulimi. Unoe kwa elimu, kisha ujue kuutia alani.