Namba ya Siri ya Cucu

Mishahara ya Nairobi ikishaingia, maduka ya M-Pesa ya Kangema, Kiria-ini na Kahuro, huko Murang'a, hupokea wazee kwa wingi. Watoto wametuma cha dawa, cha sukari, cha kumlipa mchuma majani ya chai. Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, anafika kaunta, anafungua fundo la leso, anatoa simu yake ya vitufe, ile ambayo Wakenya waliibandika jina la mulika mwizi kwa ajili ya tochi yake, na kuipitisha chini ya wavu. Anapitisha na kitambulisho. Halafu anapitisha kikaratasi kilichokunjwakunjwa, na ndani yake mna tarakimu nne zilizoandikwa na mjukuu.

Kanuni ni kwamba mwenye simu aandike mwenyewe namba ya wakala, kiasi anachotoa, na mwisho namba yake ya siri. Hapa kazi yote anaifanya wakala. Kwa kawaida hakuna baya linalotokea: kijana wa kaunta ni mtoto wa jirani, anamwamkia cucu kwa heshima, anamhesabia noti mara mbili, anamrudishia kikaratasi chake. Ila siri imekwisha kuwa ya wengi. Anaijua mjukuu, anaijua wakala, anaijua na yule aliyeshikilia duka Jumamosi wakala alipokwenda harusini. Asiyeijua ni mwenyewe, kwa kuwa hawezi kuisoma.

Watu wakizungumzia teknolojia rahisi kwa wazee na kwa watu wenye ulemavu, hutaja ukubwa wa vitufe, unene wa herufi, nguvu ya spika. Yote hayo yana maana. Lakini kuna swali linalostahili kutangulia: ni watu wangapi wanaolazimika kuijua siri ya mtu kabla hajapata kilicho chake? Simu inayomlazimu mama wa miaka 78 kumtajia kijana wa duka namba yake, au kumpa binti wa jirani amsomee ujumbe uliotoka hospitali, bado ni ngumu, hata iwe na kitufe kimoja tu.

M-Pesa yenyewe ilijaribiwa jirani. Oktoba 2005 majaribio yalianza Nairobi na Thika, mwendo mfupi tu kutoka mpaka wa Murang'a, kwa wateja wapatao 500 wa shirika la mikopo midogo la Faulu. Nia ya kwanza ilikuwa watu walipe mikopo kwa simu. Wateja wenyewe wakaanza kutumiana pesa, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ilinadiwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Kwa wakati wake ilikuwa rahisi mno: simu ya bei ya chini kabisa ilitosha, intaneti haikuhitajika, wala tawi la benki. Lakini ilimtarajia mtu anayeona, anayesoma na anayekumbuka. Huko nyumbani pesa zilikokuwa zikitumwa, wengi walikosa moja kati ya hayo matatu, na baadhi walikosa yote.

Tangu hapo mambo yaliyohamia kwenye simu yameongezeka. Bima ya afya ya SHA ilipochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, watu waliambiwa wajisajili kwa kubonyeza *147#. Mkulima aliyetaka mbolea ya ruzuku mwaka 2023 alingoja ujumbe mfupi wenye kibali chake. Huduma za serikali zilizotangazwa kuwa mtandaoni kwenye eCitizen katikati ya mwaka huohuo zilipita 5,000. Na menyu za kubonyeza nyota zina ugumu ambao kijana haufikirii: zina muda. Mzee anavaa miwani, anasoma mstari wa kwanza taratibu, anatafuta kitufe cha 2, na kabla hajakibonyeza menyu imejifunga. Anaanza upya. Inajifunga tena. Akikosea namba ya siri ya M-Pesa mara tatu, nayo inafungwa, na hapo safari ya kumtafuta mtu wa kumsaidia inaanza. Kuongeza muda wa menyu hizo ni kazi ya mafundi ofisini, haimdai mzee kununua chochote, na inasikitisha kwamba jambo dogo kama hilo halijapewa uzito.

Haja ya kujiandikia mambo yako mwenyewe haikuanza na simu. Mwaka 1808, nchini Italia, Bibi Carolina Fantoni, aliyekuwa amepoteza uwezo wa kuona, aliandika barua kwa mashine ya chapa aliyoundiwa na rafiki yake Pellegrino Turri. Mashine ilipotea, lakini baadhi ya barua zipo hadi leo, na wanahistoria huihesabu mashine hiyo miongoni mwa mashine za kwanza za chapa kufanya kazi duniani. Bila hiyo, kila neno alilotaka kumwambia rafiki yake lingepitia kwanza kinywani mwake na kalamuni mwa mtu mwingine. Hata Murang'a watu wa umri fulani wanakumbuka enzi za barua, mtoto wa shule aliposomea nyumba nzima maneno ya baba aliye Nairobi au Nakuru, na akajua madeni na ugomvi ambao umri wake haukustahili kuujua.

Thika, mji uleule wa majaribio ya M-Pesa, una shule ya wasioona iliyoanzishwa na Salvation Army mwaka 1946. Hapo ndipo Irene Mbari-Kirika alipoanzia kazi ya shirika la inABLE mwaka 2009, kwa kuweka maabara ya kompyuta kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Kompyuta zenyewe ni za kawaida. Kinachozibadilisha ni programu inayosoma skrini kwa sauti. Moja kati ya programu hizo, NVDA, hutolewa bure, na waanzilishi wake ni vijana wawili wa Australia wasioona, Michael Curran na James Teh. Mtoto anavaa vipokea sauti masikioni, vidole vinapita kwenye kibodi, kila herufi inatajwa, na anaandika barua pepe yake bila mwalimu kuinama begani pake. Breli ilimpa kusoma na kuandika, lakini aliyepokea ilimbidi naye aijue breli.

Simu nazo zimeufikia uwezo huo. Programu ya TalkBack ilianza kuja na simu za Android mwaka 2009, na kati ya walioiunda Google ni T. V. Raman, mhandisi asiyeona mzaliwa wa India. Ukiiwasha, kidole hakifungui kitu kwa kugusa mara moja. Kinapopita juu ya skrini, simu inataja kilicho chini yake: ujumbe, simu, saa, betri asilimia 40. Ukisikia unachokitaka unagusa mara mbili, kinafunguka. Sauti ya Kiswahili ipo. Kwa kipokea sauti kimoja sikioni, mtu asiyeona anaweza kusoma salio lake mbele ya wakala na asisikiwe na yeyote. Programu hii imo tayari ndani ya simu nyingi zinazouzwa katika maduka ya Murang'a mjini, Karatina na Nyeri, lakini mteja huondoka dukani bila kuonyeshwa. Anauziwa kava na kioo cha kinga, na kilicho cha thamani kuliko vyote kinabaki kimelala.

Cucu ambaye hajui Kiswahili cha kutosha bado yuko nje ya mlango huo. Sauti ya Kiswahili inamfaa aliyepita shuleni au aliyefanya kazi mjini. Yule aliyeishi maisha yake yote kati ya shamba, kanisa na soko la Kangema anataka Kikuyu, lugha anayoisikia redioni kila asubuhi kupitia Inooro na Kameme. Redio iliitambua haja hiyo zamani. Waundaji wa simu wamechelewa.

Ndiyo maana ujumbe wa sauti umeenea milimani bila semina wala mafunzo. WhatsApp iliuleta Agosti 2013. Mjukuu aliye Lowell, Massachusetts, mji wenye Wakenya wengi, anashikilia alama ya kinasa sauti, anazungumza Kikuyu, anaachia. Cucu anaona picha ya uso anaoujua, anagusa, anasikia. Kisha naye anashikilia palepale, anamwombea mjukuu, anamweleza kwamba ng'ombe amezaa, anaachia. Hakuna aliyemsomea na hakuna aliyemwandikia. Hakuna hata haja ya kujua saa za Marekani, kwa sababu ujumbe humngoja mwenyewe. Kati ya vyote vilivyoundwa kwa miaka 20 iliyopita, hiki ndicho kilichomheshimu zaidi mtu asiyesoma, na hakikuundwa kwa ajili yake. Gharama yake ni simu ya kugusa na bando, na hapo ndipo mtoto aliye mjini anapoweza kusaidia bila kushika simu ya mzazi: amnunulie bando mara kwa mara, kwa utaratibu uleule anaomtumia cha dawa.

Sauti, hata hivyo, si jibu kwa kila mtu. Karibu na Karatina kuna Shule ya Viziwi ya Tumutumu, na kwa waliosoma huko, huduma inayosema "piga namba hii, sikiliza, chagua" ni ukuta mtupu. Kiziwi alipata nafasi yake kwenye ujumbe mfupi, na sasa kwenye simu ya video, ambako mikono na uso vinaonekana na lugha ya ishara inakwenda moja kwa moja. Njia moja iliyorahisishwa kwa wote huishia kumwacha mtu. Njia mbili au tatu za kufikia jambo lilelile humpa kila mmoja ya kwake.

Wakati mwingine kifaa kinachohitajika hakina hata betri. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa Assam, India, kwa wachuma chai 751 wenye miaka 40 na zaidi. Waliopewa miwani ya kusomea ya bei nafuu waliongeza mavuno yao kwa zaidi ya asilimia 20 kuliko wenzao wasiopewa. Murang'a ina wachuma chai wa umri huohuo, na macho hayohayo yanayojaribu kutofautisha majani ndiyo yanayojaribu kusoma ujumbe wa M-Pesa jioni. Asiyeona herufi vizuri hawezi kutofautisha ujumbe wa kweli na ule wa tapeli aliyetumia namba ya kawaida akidai ametuma pesa kwa makosa. Na kazi hiyohiyo huwadhuru wengi kwa upande mwingine: vidole vilivyofanya kazi ya shamba miaka 40 huchakaa, na mashine za alama za vidole hushindwa kuvitambua. Tunaowaita wagumu wa teknolojia, mara nyingi ni watu ambao miili yao ililipia karo za wanaowaita hivyo.

Sheria haikosekani. Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali kukuza lugha ya ishara, breli na njia nyingine za mawasiliano zinazowafikia watu wenye ulemavu. Kifungu cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima. Mwaka 2025 ikaja Sheria mpya ya Watu Wenye Ulemavu, ambayo mswada wake uliletwa na Seneta Crystal Asige, mwenyewe akiwa na ulemavu wa kuona. Benki, sacco na ofisi za kaunti haziwezi tena kusema hazikujua. Mwanzo mzuri ungekuwa kwenye kituo cha Huduma na kwenye baraza la chifu: siku moja kila mwezi, meza moja, mtu mwenye subira anayezungumza Kikuyu na mwingine anayejua lugha ya ishara, na wazee waje na simu zao wenyewe.

Na Desemba, wengi wanaporudi nyumbani, mjukuu asiinyakue simu akamaliza kazi kwa sekunde 10. Aongeze ukubwa wa herufi, aibadilishe menyu iwe ya Kiswahili ikiwa cucu anakielewa, aweke picha kwenye namba za watoto wote. Kisha ampe cucu simu, abonyeze yeye, polepole, hata ikichukua alasiri nzima. Ile namba ya zamani, ya kwenye kikaratasi, ibadilishwe. Mpya aichague cucu mwenyewe, kutoka kwa jambo analolikumbuka yeye peke yake, na asimtajie hata mjukuu.